Cheni ya Marehemu

Mshonaji aliishusha baiskeli ya marehemu baba yake kutoka ukutani, akaisukuma hadi kwa fundi wa pale kona, kwa sababu cheni ilikuwa imeanza kuruka tena.

Fundi hakuwa na papara. Aliishika cheni pale inapozunguka gia ya mbele, akaivuta kwa vidole viwili. Ikaachia meno kiasi cha kupitisha mwanga. Cheni iliyo nzima haivutiki hivyo. Akainama kutazama gia ya nyuma: meno yalikuwa yamechongoka kama miiba, yote yamelalia upande mmoja.

"La kuvunda halina ubani," alisema. "Na mwaka jana tu nilifunga cheni mpya. Mzee anatembea huyu."

"Hajakosa zamu hata moja."

Baba alikuwa mfungua maji kwenye pampu ya mji. Tangu azikwe, alitoka kila alfajiri na baiskeli kwenda kazini, akarudi jioni kunywa chai na bintiye. Idara haikuajiri mtu mwingine. Mshonaji alipokwenda kulalamika, msimamizi alimjibu kwa upole, "Dada, tuajiri wa nini na mzee wako anakuja?"

Ila siku hizi alichelewa. Cheni iliruka mlimani, akalazimika kushuka na kusukuma, akafika giza limeshaingia na chai imepoa, anasinzia kitini. Zamani, binti akiwa mtoto, baba alifika jua bado liko juu ya mabati. Binti alisikia kengele, akakimbia kurukia keria, wakazunguka mtaa mzima, amekumbatia mgongo unaonuka grisi na jasho. Aliukumbuka mgongo ule, jamani. Hata mtu mzima hulilia mgongo wa baba yake.

"Kosa letu," fundi alisema. "Tulifunga cheni mpya, meno tukayaacha ya zamani. Hivi vitu huzeeka pamoja, kama mume na mke. Leo tubadilishe vyote, mbele na nyuma. Au uiache hivi hivi. Ikikatika, mzee atapumzika."

Kupumzika kulikuwa haki ya baba, hilo mshonaji alilijua. Alijua pia jioni bila yeye zilivyo ndefu.

"Badilisha vyote," alisema, na aliona haya kidogo.

Kesho yake baba alizungusha pedali kwa mkono, akatega sikio. "Sasa imekaa. Ahsante, mama." Siku hiyo alirudi jua likiwaka. Walikunywa chai ya moto, wakamsengenya shangazi, wakacheka hadi mbavu zikawauma.

Wiki iliyofuata msimamizi aliona mzee anawahi kumaliza, akamwongezea zamu ya jioni. Mzee hakubisha. Hata alipokuwa hai hakuwahi kubishana na wakubwa.

Sasa wanaonana alfajiri tu, mlangoni. Mshonaji huivuta cheni kidogo kabla hajamwachia baba usukani. Imeshika meno barabara. Fundi anasema ikipakwa mafuta itadumu miaka na miaka.