Mkono wa Optari

Jumatatu, baada ya sala ya asubuhi, Tulgilo alikoroga chokaa na mchanga mwembamba, akaupima uzito wake kwa mwiko, kisha akampandishia karai fundi Kalinikos aliyekuwa juu ya jukwaa. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kumwondoa ukutani mume wake.

Ravena ilikuwa imekwisha kurejea mikononi mwa Kaisari wa Konstantinopoli. Askofu mpya aliamuru Wagoti wote, watawala wa zamani aliowaita wazushi wa dini, waliosimama katika picha ya vijiwe vya kioo ukutani mwa kanisa, kati ya nguzo za jumba la mfalme wao, wang'olewe, na mahali pao pawekwe picha za mapazia meupe. Optari, bawabu wa jumba hilo, alikuwa wa mwisho upande wa kulia. Alikwenda vitani akafia pasipojulikana, na ukuta ule ndio uliokuwa kaburi lake. Tulgilo aliomba kazi ya chokaa ili awepo siku watakapomfikia.

"Mwacheni huyu mmoja," alimwambia shemasi Ursikino, msimamizi. "Hakuwa mfalme. Alikuwa akifungua mlango tu."

"Mlango wenyewe wa wazushi, dada. Niondokee hapa, watu wafanye kazi."

Kalinikos akashika tindo na nyundo. Uso ukaenda, kifua kikaenda, viatu vikaenda. Na kabla lipu haijakauka, pazia lilikuwa limekwisha kupangwa, jeupe, lenye fundo katikati. Ukabaki mkono wa kushoto, uliokuwa umeegemezwa juu ya nguzo. Kalinikos akaung'oa nao, akaziba pengo kwa vijiwe vyeupe, akashuka kula mkate na zeituni.

Alipopanda tena, mkono ulikuwepo. Umeishika nguzo, na kidole chake cha mwisho kimepinda vilevile kama kilivyopinda tangu Optari alipokanyagwa na farasi.

"Vijiwe vyangu vyeupe viko wapi?" aliuliza Kalinikos.

"Hivi hapa chini, fundi," alisema Tulgilo, akaviokota.

Juma zima fundi aliung'oa, na juma zima mkono ulirudi, kila mara ukiwa umeshika kwa nguvu zaidi.

"Hivi mama, huyu bwana alikuwa king'ang'anizi hivi hata nyumbani?" aliuliza fundi.

"Nyumbani alizidi. Blanketi alilala nalo peke yake."

"Basi mwambie aachie, mgongo wangu unaniuma."

"Nimwambie mimi? Mimi nimemwambia ashike."

Shemasi alipoletewa habari, alitazama juu kwa muda, kisha akaamuru nguzo yenyewe ing'olewe pamoja na mkono. Kalinikos aliweka tindo chini ya nguzo, akapiga. Mkono ukakaza vidole. Ukuta ukalia kama mlango mkavu, boriti zikasogea, na vigae vya paa vikaporomoka uani.

"Acha, acha!" alisema shemasi, akijifuta vumbi. "Ubaki. Wakiuliza watu, semeni ni pambo."

"Na uso wake?" aliuliza Tulgilo.

"Uso gani? Hapo pana pazia."

Tulgilo aliosha karai lake, na alasiri ile akamwomba Kalinikos ngazi. Fundi akamwachia bila kumwuliza ya nini.

Kanisa likafunguliwa, likatakaswa, na wafu wa mji wakatajwa katika sala mmoja baada ya mwingine. Optari hakutajwa, mwaka huo wala miaka iliyofuata. Kila mkesha wa sikukuu Tulgilo alipanda ngazi akiwa na tupa ya chuma, akausawazisha mkono kucha zake, kwa kuwa zilikuwa zikikua, na chembe za kioo zikidondoka sakafuni. Makasisi walizoea kungoja ashuke ndipo wawashe ubani. Ursikino alizifagia chembe zile mwenyewe, akinung'unika.

Na kila mara kucha zilipokwisha, mkono uliiachia nguzo, ukashika ukingo wa pazia, ukavuta. Tulgilo naye aliweka vidole vyake hapo hapo, akavuta pamoja nao, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Pazia halikufunguka. Lilikuwa la kioo na chokaa. Na chokaa hiyo aliikoroga yeye, akaikoroga vizuri.

Mkono ukarudi nguzoni. Tulgilo akashuka, akaiacha ngazi palepale, wala hakuna aliyeiondoa.