Kitako Kirefu

"Ukipitisha huo msumeno hapo, Wili, mimi na wewe undugu basi!"

"Basi na uwe basi! Bunduki gani ya kutazamwa tu kama picha ya harusi?"

"Itazamwe, ndiyo! Anayekuja kuitazama anakuja na mashine ya kusaga. Wewe na huo msumeno unakuja na nini?"

"Nakuja na nguruwe!"

"Nguruwe! Mtu hujaua hata panya wa ghalani."

Fundi Baltazari alikuwa amesimama katikati yao na msumeno mkononi, anageuza kichwa huku na huku kama mtu anayetazama mpira. Kibandani kwake hapo Mwazye alizoea kuziba sufuria na kunoa majembe. Ugomvi wa Wilibrodi na dada yake Klementina ulikuwa unamchangamsha kuliko kazi.

"Jamani, nikate au nisikate? Mkono unachoka."

"Kata!" akasema Wilibrodi.

"Thubutu!" akasema Klementina.

Bunduki yenyewe ilikuwa mezani imelala zake kimya. Ya mitutu miwili, ya marisau, ya zamani kweli. Padre mmoja mzungu alimwachia baba yao, mzee Gabriel, siku aliporudi kwao. Ubavuni kwenye chuma wamechorwa kware wawili wanaruka, utadhani ukipiga makofi watatoka. Kitako cha mti mweusi, laini, kinang'aa. Tatizo ni moja tu. Padre alikuwa mrefu kama mlingoti, na Wilibrodi, wenzake walisema, Mungu alipomfikisha mabegani aliitwa kula. Akiiweka hiyo bunduki begani lazima anyooshe shingo kama bata anayekunywa maji. Alitaka kitako kipungue vidole vitatu. Vidole vitatu tu!

Lakini mzee Ngeleja wa Sumbawanga mjini alishasema neno lake. Huyo tangu kila kitu kiwe ruksa alikuwa ananunua vitu vya kale, saa za ukutani, karabai, gramafoni, halafu anawauzia wazungu wawindaji. Alipoiona bunduki hii alipanguza miwani mara mbili. "Msiguse hata skrubu," akasema. "Ikiguswa, kwangu ni kuni." Ikibaki ilivyo, wanapewa mashine ya kusaga ya dizeli. Na Klementina alichoka kubeba debe la mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili, apange foleni, arudi giza limeingia.

Mzee Gabriel mwenyewe ana mguu mbovu, ndiyo maana polisi walishamwandikisha Wilibrodi kwenye kibali chake cha bunduki. Wanawe walipompelekea ugomvi alijifunika blanketi. "Mkubaliane wenyewe. Mkikubaliana, na mimi nimekubali. Msipokubaliana, mniache nilale."

"Leo mzee Ngeleja anakuja, Wili," Klementina akasema, sasa kwa sauti ya kubembeleza. "Leo! Mashine iko kwenye pikapu. Vumilia basi."

"Na mahindi yenyewe ya kusaga yatoke wapi? Nguruwe wanakula mpaka mabua!"

Hapo hapo pembe ikalia bondeni. Halafu mbwa. Halafu sauti za watu zikapishana: "Wameingia! Wako kwenye mahindi ya akina Josefina! Bunduki! Bunduki iko wapi?"

Wilibrodi aliipokonya mezani kabla Klementina hajafumba mdomo.

"Isikwaruzwe!" dada mtu akapiga kelele, anamkimbilia nyuma. "Wili! Usiiburuze kwenye miiba!"

"Shika debe lako, dada, twende!"

Maana msako wa Mwazye una utaratibu wake. Wanaume na mbwa wanaingia upande wa juu wa shamba, wanawake wanapanga mstari pembeni na madebe na masufuria, wanapiga kelele mpaka nguruwe atokee chini kwenye njia, ambako bunduki inamsubiri. Na debe la mwisho, lile la karibu kabisa na bunduki, linapigwa na mtu wa nyumba yenye bunduki. Hapakuwa na mjadala. Mwenye kufyatua awe na damu yake hapo ubavuni, ndiyo atapiga kwa akili. Kwa hiyo Klementina alisimama hatua chache tu kutoka kwa mdogo wake, anapiga debe, anatukana.

"Padre wa watu akiona unavyoishika!"

"Piga debe, wewe!"

Upepo wa baridi ulikuwa unapuliza, Wilibrodi kavaa koti lake kubwa la mitumba. Moyo unamdunda mpaka masikioni. Alikuwa anacheka peke yake! Mahindi yalianza kutikisika kule juu, yakatikisika katikati, yakalala kama yamepitiwa na trekta. Akakoki.

Nguruwe akatoka. Dume! Jeusi, mgongo umesimama manyoya, meno yametoka nje kama mundu. Likaona njia, likaona bunduki, likabadilisha mawazo. Likamgeukia mwenye debe.

Wilibrodi akainua bunduki. Haikupanda. Kile kitako kirefu kiliingia kwapani, kikanasa kwenye koti. Akavuta. Koti likavuta na lenyewe.

"Wiliii!"

Klementina akalirusha debe. Dume likalipita juu, likalibonyeza kama karatasi, likaendelea. Wilibrodi akavuta kwa nguvu zote, koti likachanika mpaka kiunoni, akaitupia bunduki juu ya bega badala ya kwenye bega, akafyatua.

Puuu!

Yeye akaanguka chali huku, nguruwe likaanguka kule, pua lake limegusa kandambili iliyomtoka Klementina mguuni.

 Vigelegele vikapasuka bonde zima! Watu wakarukaruka, Josefina akacheza na sufuria kichwani, Wilibrodi akainuliwa juu juu, kidevu kinavuja damu, anapiga kelele, "Mmeona? Mmeona wenyewe?"

Katikati ya shangwe hizo mzee Ngeleja akatokea, anahema, kaiacha pikapu barabarani. Akawapangua watu, akaiokota bunduki kwenye majani, akaifuta kwa leso, akawapapasa wale kware wawili.

"Nzima," akasema. "Afadhali! Haina hata mchubuko."

"Shikamoo, mzee," akasema Klementina. Bado alikuwa amesimama palepale, mguu mmoja hauna ndala.

"Marahaba, mwanangu. Mashine yenu ile pale. Tumalizane."

Klementina akaitazama mashine kule kwenye pikapu, imefungwa kamba, rangi ya kijani. Akaitazama sana. Halafu akatazama nguruwe, na debe lake lililobonyea.

"Lilinifikia, mzee. Nimeona mpaka kope zake." Akaichukua bunduki mikononi mwa Ngeleja, taratibu, kama mtu anavyopokea mtoto. "Fundi Baltazari! Umekuja na msumeno?"

"Ninao! Mkono ulishapona!"

"Njoo ukate."

"Dada?" Wilibrodi akasema, bado yuko mabegani kwa watu.

"Nyamaza wewe. Vidole vitatu, fundi. Na hilo koti, Wili, nitalichoma moto."

"Binti, subiri!" Ngeleja akainua mikono. "Wale kware wana umri mkubwa kuliko baba yako! Mtapata wapi tena mashine?"

"Kware hawakatwi, mzee. Wataendelea kuruka."

Baltazari akaweka kitako juu ya mgongo wa nguruwe, ndiyo meza iliyokuwepo, akapitisha msumeno. Krrr. Unga mweusi ukaanza kudondoka. Mzee Ngeleja akafumba macho, akaivua miwani, akageuka, akaenda zake kwenye pikapu.