Mapokezi Wanauliza Jina

Gaudensia anasema nilimwita baba mkwe kwa jina lake pale kliniki ya Bunda, mara mbili, kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi shambani. Ameshasimulia kisimani, amesimulia kwenye mashamba ya pamba, na sasa hapa kijijini Guta wanawake wakiniona wananyamaza kwanza ndipo wananisalimu. Gaudensia ni jirani yangu, tena ameolewa ukoo huu huu kama mimi. Alikuwepo, sikatai. Ila mambo yalianzia mbali.

Baba mkwe alipigwa na kiharusi wakati wa palizi. Upande mmoja ulilegea, maneno yakamwisha mdomoni. Akitaka kitu anaonyesha kwa mkono wake mzima. Masatu, mume wangu, yuko kambi ya dagaa, kwa hiyo kila mwezi mimi ndiye nampeleka kliniki.

Zamani tulikuwa tunatoka giza giza. Ukifika unaweka kadi dirishani, Lukresia wa mapokezi anazipanga, mnakaa benchi. Yeye ndiye anasoma majina, mimi nasimama tu. Akiwa na swali, benchi zima ni watu wetu. Mzee Benjamini anamtaja rika lake huku akimtania, "Huyo mmaliza ugali? Yupo hapa, hajafa!" Mkamwana hatamki jina la mkwe wake, na pale sikuwahi kuhitaji.

Lakini lile benchi lilimtesa. Siku moja jua lilishapanda, hajaitwa bado, akajikojolea mbele ya marika zake. Benjamini akageuka akawa anaangalia ukuta. Tangu hapo nikitaja kliniki baba mkwe anafumba macho. Mwezi uliofuata alikataa kabisa kunyanyuliwa, na dawa zikakatika.

Kwa hiyo niliposikia wameanza miadi ya simu, kwamba unakuja saa yako unaingia, nilifurahi. Gody, shemeji yangu wa Musoma, akanipigia kunielekeza.

"Shemeji, hapo juu andika jina kamili la mgonjwa. Mengine ni rahisi." Akakata.

Kidole kikagoma. Kwetu kuandika na kutamka ni mlango uleule. Nikaandika Baba Masatu. Simu haikubisha. Meseji ikaja: Baba Masatu, karibu Jumanne saa nne asubuhi.

Nikamwambia, "Baba, safari hii hakuna benchi. Tukifika tunaingia." Akaniachia nimvalishe shati.

Tulikuta benchi tupu, kila mtu na saa yake. Lukresia amehamishwa, kwenye kompyuta alikuwepo binti mgeni, mpole tu.

"Shikamoo mzee. Mama, jina la mgonjwa?"

"Baba Masatu."

"Baba Masatu namuona, ila faili halipo. Jina lake lenyewe?"

"Si lipo kwenye kadi, dada?"

"Kadi tulishazikusanya, siku hizi yote yamo humu. Kitambulisho?"

"Kimebaki nyumbani."

"Basi nitajie tu."

Nikageuka kumtafuta Benjamini, au mtu yeyote wa Guta. Aliyeingia ni Gaudensia, amebeba mtoto wake mwenye kikohozi.

"Usiniangalie mimi," akasema. "Kwani mimi nimeolewaga wapi? Unataka nimtaje mkwe meno yaning'oke?"

Binti akacheka, kisha akaona hatutanii. "Jamani! Wanawake wawili, mzee mmoja, na hana jina. Mama, bila jina itabidi msubiri wenye miadi waishe. Labda mchana."

Goti la baba mkwe likaanza kutetemeka. Hiyo dalili naijua, mkojo umembana. Na alitoka kitandani kwa kuniamini mimi.

Nikasogea dirishani, nikalitamka.

"Ongeza sauti mama, sijasikia."

Nikalirudia. Hiyo ndiyo mara ya pili anayoisimulia Gaudensia. Sauti ya kuita mbuzi haikuwepo.

Baba mkwe akaonyeshwa choo kwanza, akapimwa presha, akapewa dawa, tukatoka nguo zake zikiwa kavu. Binti akaniita pembeni. "Jina nimerekebisha. Ila kila mkija tutauliza, ndiyo utaratibu."

Njia nzima baba mkwe aliangalia upande wa pili. Na maneno ya Gaudensia yalipofika uani kwetu, aliyasikia yote, maana masikio yake ni mazima.

Jana jioni nilimpelekea uji pale anapoota jua la mwisho. Nikapiga magoti.

"Baba, siku ile nilikutaja. Nisingekutaja, tungerudi kwenye benchi. Mwezi ujao watauliza tena, na Masatu hatakuwepo. Naomba uniruhusu. Ukikubali, inua tu mkono, nitaelewa."

Mkono wake mzima ulikuwa umeshika kikombe. Akanywa taratibu mpaka mwisho, nami nimepiga magoti pale pale, na kikombe akaendelea kukishika kikiwa kitupu.