Dhoruba ya Jua Shambani Ruhembe

Asiniambie mtu nimsamehe mdogo wangu. Evance nimembeba mgongoni, nimemsomesha mpaka akawa mpima ardhi, halafu anigeuzie kibao kwa somo langu mwenyewe!

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kilosa. Mei 2024, zilipotoka taarifa kwamba jua limechafuka, Evance alikuwa nyumbani kwangu, nikamweleza huku tunakula. Jua hupuliza upepo wa chembe zenye umeme, nao huja na usumaku wake. Dunia nayo ina usumaku unaotukinga. Usumaku wa upepo ule ukielekea kusini, kinyume na wetu, huungana nao na kinga hufunguka, kama bati lililolegea linaponyanyuliwa. Nishati huingia, anga la juu huvurugika, na mawimbi ya setilaiti yakipita humo huyumba. Vipimo vya GPS vinadanganya.

"Kwa hiyo kesho nisipime?" aliuliza.

"Usithubutu."

Kesho yake akapima, kutwa nzima. Ni shamba la miwa la marehemu baba kule Ruhembe, tugawane nusu kwa nusu. Nilipokwenda kuangalia, bikoni, vile vigingi vya zege vya mpaka, zilikuwa zimeingia kwangu mistari sita ya miwa, upande wa mtoni, kwenye udongo mzuri wote.

"Dada, nisamehe, ni lile jua," akasema kwa unyonge. "Nilidhani limetulia. Tukishavuna nitarudia."

Nikamwamini. Mume wangu, Herman, aliguna tu, nami nikamjia juu: wewe fizikia umesomea wapi? Miwa ikavunwa, ikachipua, ikavunwa tena. Evance kila nikimpigia ana safari.

Juzi nilikwenda kupalilia. Nikasimama kwenye bikoni ya kwanza, nikatazama mpaka ya mwisho. Mstari umenyooka kama umepigwa rula! Dhoruba haifanyi hivyo, jamani. Kosa lake hubadilika saa hadi saa: bikoni moja ingerukia kwangu, nyingine kwake. Hizi zote zimesogea upande mmoja, kwa kiasi kilekile. Huo ni mkono wa mtu.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama. Hata shikamoo sikuitoa. Evance alikuwa barazani anakunywa chai.

"Lete mashine yako tupime sasa hivi," nikamwambia. "Leo jua limetulia."

Akainamisha uso. Aliyejibu ni mama.

"Mwache mwenzio. Mimi ndiye niliyemwambia asogeze. Wewe una mshahara, una mume. Yeye ana nini?"

Niliumia, sijapata kuumia vile. Ndugu akikudhulumu, unakimbilia kwa mama. Sasa mimi nikimbilie wapi?

"Mama, si mngeniambia tu?"

"Ungekubali?" Akajifunga kanga vizuri, bila haraka. "Mwenzio aliogopa. Akaniuliza, mama, dada tutamwambia nini? Nikamwambia, mtajie lile jua lake. Hilo ataliamini."