Mizani ya Tisa

Vita vilikwisha, wenzake wakarudi na makoti yao ya jeshi, ila Rwezaura hakurudi. Ilifika habari tu kwamba amekufa Burma. Amezikwa wapi, hakuna aliyejua. Kwa watu wa Bweranyange, wanaowalaza wafu wao kibanjani katikati ya migomba, hilo halikubebeka. Mama yake, Dafroza, alikataa kulia. "Nimlilie wapi?" aliuliza.

Ndipo baba mtu, mzee Kashaija, akamwendea Mwalimu Placidius. Alitaka mwanawe atajwe gazetini, huenda askari aliyemzika akasoma.

"Gazeti linachapa mashairi, tata," Placidius alisema, akimwita baba kwa heshima ya kwao. "Na shairi lina sheria zake."

Akamweleza, kwa madaha ya mtu aliyejifunza jambo juzijuzi. Mshororo ni mstari mmoja. Mishororo minne hufanya ubeti. Mshororo hukatwa vipande viwili, kila kipande mizani nane, yaani silabi nane. Sauti zinazofanana mwishoni mwa vipande ndizo vina. Kashaija alisikiliza kwa adabu. Yeye alizoea majigambo ya Kinyambo, ambako mstari huisha pumzi inapoisha.

"Basi andika: Rwezaura wa Kashaija."

Placidius akahesabu kwa vidole. Tisa. Akarudia, tisa ileile.

"Imezidi moja, tata. Tuseme Rwezaura mwana wangu. Nane kamili, na kina kizuri."

"Mtu hatajwi bila baba yake, mwalimu. Atajulikanaje?"

"Likizidi watalitupa."

Mzee akainamisha kichwa. Angefanya nini? Kalamu haikuwa yake.

Shairi likachapwa: *Rwezaura mwana wangu, umelala wapi leo.* Chini yake palikuwa na jina la Placidius, mwalimu, Bweranyange. Alilibandika ukutani darasani, na kila mgeni alionyeshwa.

Kahawa ilipokwisha kuvunwa, alifika shuleni askari wa zamani kutoka Nkwenda, jina lake Melkiory, na kipande cha gazeti mfukoni. "Huyu nilimzika kwa mikono yangu," alisema. Placidius hakuuliza neno zaidi. Alimshika mkono wakaenda mbio mpaka kwa Kashaija, huku akitangaza kwa sauti njia nzima.

Dafroza hakungoja maelezo. Alitupa jembe, akaingia kibanjani akilia kilio alichokibana tangu habari ilipofika, na majirani wakamfuata. Kashaija akamkaribisha mgeni, akamletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo.

"Tulimlaza kando ya mto, mzee, chini ya mianzi," Melkiory alisimulia. "Alipenda kuimba nyimbo za kwao Kibingo."

Kashaija aliacha kutafuna. "Kibingo?"

"Ndiyo. Rwezaura wa Ndyamukama. Nilidhani mmehamia huku." Akawatazama mmoja mmoja. "Si ndiye?"

Vidole vya Placidius vilianza kuhesabu vyenyewe juu ya goti, vikafika tisa, akavikunja kwa aibu. Kutoka migombani sauti ya Dafroza ilipanda, ikimwita mwanawe kwa jina lake na la baba yake. Mwalimu akainuka ili akamwambie.

Kashaija akamshika shati.

"Mwache," alisema. "Mwache amalize kwanza." Kisha akamgeukia askari. "Endelea, mwanangu. Mlimfunika kwa kitu gani?"