Kiganja cha Notburga

Othmar aliianza siku kwa kufuta vumbi. Alifungua ubavu wa sipiyu, lile kasha la kompyuta, kwa bisibisi, akapiga magoti sakafuni, akasafisha matundu ya hewa kwa brashi ndogo ya rangi, kisha akaitazama feni. Feni ilikuwa haizunguki tangu Machi. Alikwisha kuomba nyingine kwa barua tatu.

Zahanati ilikuwa kando ya ziwa, kusini ya Lituhi, na chumba chake cha takwimu kilikuwa chini ya bati lisilo na dari, dirisha likitazama vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwani. Othmar alikuwa mtu wa Kigonsera, kule juu kwenye baridi, mtu wa sweta. Ilimchukua miaka miwili kulizoea joto la mwambao. Kompyuta haikulizoea kabisa. Kila ifikapo saa tano, kioo kilionyesha joto la diski, kile kisahani cha ndani kinachotunza kumbukumbu zote: nyuzi hamsini na mbili, hamsini na tano, hamsini na nane.

"Ikae kati ya thelathini na arobaini na tano," fundi Sixbert alimwambia kwa simu kutoka Mbinga. "Ikizidi hamsini kila siku, mzee wangu, hiyo diski unaizika. Na usije ukaiwekea barafu. Itatoka jasho ndani, na maji yakishaingia, basi tena."

Othmar aliisogeza sipiyu mbali na ukuta. Akaondoa kitambaa cha maua kilichoifunika, akaiinua juu ya matofali mawili ili hewa ipite chini. Joto likashuka nyuzi mbili tu. Jumanne diski ilianza kugonga ndani kwa ndani, kama kuku anayedonoa debe.

Jumatano ya mwanzo wa Oktoba, saa sita kasoro, Notburga alipiga hodi. Alikuwa amefariki Februari tarehe kumi na tisa, akiwa na miaka ishirini na sita, na alivaa kitenge kile alichozikwa nacho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akakilaza kiganja chake juu ya sipiyu, mahali diski ilipo, kama mama anayepima homa ya mtoto. Mkono wake ulikuwa na baridi ya Mbinga mwezi wa Juni, baridi kavu. Othmar alipapasa bati la sipiyu kuona kama limetoa jasho, halikutoa. Nyuzi hamsini na nane zikawa hamsini, zikawa arobaini na moja. Kugonga kukakoma.

"Jina langu bado limo?" Notburga aliuliza.

Othmar akalifungua faili la Februari, akamsomea polepole. Notburga, miaka ishirini na sita. Amejifungua salama mtoto wa kike, kilo tatu. Ametokwa na damu nyingi. Amefariki saa nane na dakika kumi mchana, barazani, akisubiri gari la wagonjwa.

Gari siku ile lilikuwa limepeleka viti vya mkutano. Hilo Othmar naye aliliandika.

"Ahsante, baba," alisema Notburga.

Rejesta ya karatasi wakaguzi waliichukua Machi pamoja na flashi ya ofisi, wasivirudishe, na kuchomeka flashi yako binafsi ni kosa la kazi. Jina lilibaki kwenye diski peke yake. Kwa hiyo Notburga alikuja kila siku ya kazi, saa tano mpaka saa tisa, naye Othmar akamtafutia mto wa kukalia. Muuguzi Beata akipita alimsalimia na kumuuliza habari za huko. Notburga alijibu kwamba ni nzuri, ila anamkumbuka mtoto wake.

Novemba alifika mkaguzi, Bwana Pankras. Akafurahia ubaridi wa chumba, akamwona Notburga, akavua kofia.

"Pole sana, mama. Ulifia wapi?"

"Hapo barazani, kwenye benchi."

Pankras alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Akaomba radhi kwa habari ya gari, akampa mkono. Kisha akamgeukia Othmar.

"Baraza si wodi," alisema kwa upole. "Kwenye taarifa ya mwaka, vifo vya wazazi weka sifuri."

Othmar alibisha mara moja, kwa adabu, halafu mara ya pili. Pankras akaijaza sifuri mwenyewe kwa kidole kimoja, wakati kiganja cha Notburga kikiipoza mashine. Baada ya wiki mbili kililetwa cheti cha pongezi chenye fremu, kikatundikwa barazani, juu ya benchi.

Siku ya kliniki, Bibi Edina, mama mkwe wa Notburga, alishuka kutoka Tingi, ambako mtoto alikuwa akilelewa na shangazi yake. Alimleta kwa chanjo ya surua. Mtoto aliitwa Glorious. Alipimwa, akachomwa sindano, akalia mpaka akalowa jasho, hata wimbo haukumnyamazisha. Bibi Edina akachungulia chumba cha takwimu.

"Mkwe wangu, umo humu? Hebu mpokee huyu, mimi nimeshindwa."

Notburga alimtazama mtoto. Hakuinua mkono kutoka kwenye sipiyu. Kwenye kioo palisomeka nyuzi thelathini na tisa, na Othmar alikuwa katikati ya taarifa ya mwezi iliyotakiwa mchana ule.

"Ngoja kidogo, mwanangu," Othmar alimwambia Notburga.

Akahifadhi alichoandika. Akafunga mafaili moja moja, la Februari la mwisho, akaizima kompyuta kwa utaratibu na kusubiri mpaka taa yake ndogo ikafa.

"Sasa inua."

Notburga akampokea kwa mikono miwili. Glorious akalaza shavu kwenye shingo ile ya baridi, akashusha pumzi ndefu, akasinzia. Bibi Edina akakaa sakafuni, akanyoosha miguu.

Saa nane Pankras alipiga simu kuulizia taarifa. Othmar akamweleza kwamba mashine imezimwa.

"Itawashwa saa ngapi?"

Othmar akageuka kutazama kiti cha plastiki.

"Ndiyo kwanza amelala," alisema kwa sauti ya chini. "Hatuwezi kumwamsha."