Kilichoshonewa Ndani ya Bitana

Mama Sponji hakuwa na mtoto anayeitwa Sponji. Jina hilo alibandikwa na majirani zake wa ile safu ya maduka, kwa sababu kila alikopita aliacha chembe za sponji: kwenye viti vya watu, kwenye nywele zake mwenyewe, na siku nyingine hata ndani ya kikombe cha chai cha mwenzake. Alikuwa mshonaji wa mabegi na makava ya kubebea laptopu, tableti na kamera, vitu ambavyo vikiponyoka mkononi mara moja tu, mwenyewe anabaki kushika kichwa. Duka lenyewe lilikuwa jembamba kama ujia. Mbele, mlangoni, alikaa fundi simu aliyeitwa Skrini. Nyuma alikaa yeye na cherehani yake kubwa ya umeme, amezungukwa na marobota ya kitambaa.

Asubuhi hiyo juu ya meza yake kulikuwa na kava la laptopu la rangi ya buluu, zipu imeng'oka meno, sponji imelala kama mkate uliokaliwa. Lililetwa jana yake na mteja wake wa siku nyingi, dada mmoja mwembamba aliyefanya kazi ya kutafsiri nyaraka nyumbani.

"Hili si la mkono wangu," Mama Sponji alikuwa amemwambia akiligeuzageuza. "Umenikimbia mwanangu, umekwenda kununua la dukani?"

"Nilipewa, mama." Mtafsiri alijibu macho yakiwa nje, barabarani. "Na yule. Siku za mwisho mwisho, kabla sijaondoka."

Mama Sponji hakuhitaji kuuliza yule ni nani. Habari za huyo mume alizipata kidogo kidogo, kipande leo, kipande mteja akirudi tena. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa na sauti ya chini, ya upole, na hiyo ndiyo iliyomfanya mkewe akose usingizi. Mtafsiri alipomwacha alihamia kwa rafiki yake; haukupita muda, mume akaonekana ng'ambo ya barabara, amesimama tu, mikono mfukoni. Akahama tena, akapanga chumba mtaa wa mbali. Siku moja akirudi kutoka sokoni akamkuta ameketi kwenye ngazi za nyumba, amemletea matunda, anatabasamu. Eti alikuwa anapita tu.

"Aliyejua ninapokaa ni kaka yangu peke yake," mtafsiri alisema. "Ameapa hajamwambia mtu. Sasa ni nani, upepo? Siku hizi hata simu zake sipokei. Tumbo moja, mama, halafu ananifanyia hivyo."

Mama Sponji alitikisa kichwa, akamwambia aje alichukue kesho mchana.

Ndiyo kesho yenyewe sasa. Alikuwa akifumua bitana ili abadilishe sponji. Kisu chake kidogo kilikuwa kinakwenda vizuri, uzi unaachia, mpaka kilipofika pembe ya chini kikagoma. Alisogeza kava kwenye mwanga. Kava zima lilishonwa kwa mashine, lakini pembe ile ilishonwa kwa mkono, mishono midogo midogo iliyobanana, kazi ya mtu mwenye subira. Akadhani palichanika pakazibwa. Alikata, akaingiza vidole ndani ya sponji, akatoa kitu cheupe cha duara, laini kama kifungo cha koti, ila hakikuwa na tundu hata moja.

"Skrini, hebu njoo uone kifungo cha ajabu."

Skrini alikuja akicheka, maana Mama Sponji alikuwa na kawaida ya kumwita aone vitu vya ajabu ambavyo havikuwa vya ajabu. Alipokiona, kicheko kilimkatikia kooni.

"Umekitoa wapi hiki?"

"Humu ndani. Kilishonewa kwenye bitana."

"Mama, hiki si kifungo. Ni kidude cha kufuatilia. Watu huweka kwenye funguo, kwenye mizigo ya safari, vikipotea wavione kwenye simu. Aliyekitia humu anafungua simu yake popote alipo, anaona kava liko wapi."

"Kwa hiyo anaona liko hapa?"

"Hapa. Sasa hivi tunavyoongea."

Mama Sponji alikiweka kidude juu ya meza. Yote yalimjia kwa mkupuo: nyumba ya rafiki, chumba cha mtaa wa mbali, matunda kwenye ngazi. Na yule kaka wa watu, masikini, hakuwa amefungua mdomo wake. Alinyakua mkasi mkubwa akainua mpini wake juu ya kile kidude.

"Usikivunje!" Skrini alimdaka mkono. "Kikizimika hapa, atajua mahali pa mwisho ni hapa. Tena hicho ndicho ushahidi wenyewe. Mimi nakimbia kituo cha polisi nikawaeleze. Wewe mpigie dada, mwambie asikanyage hapa."

Akatoka mbio, hata lenzi ya kukuzia aliyojifunga kichwani hakuivua.

Mama Sponji alikirudisha kile kidude ndani ya kava, akalisukuma kava chini ya lundo la sponji, akachukua simu. Alikuwa bado anatafuta jina la mtafsiri pale mwanga wa mlangoni ulipozibwa.

"Hodi, mama."

Sauti ilikuwa ya chini na ya upole. Hakuwahi kumwona mtu huyu maishani mwake, lakini moyo ulimwambia kabla hajainua macho. Shati la kijivu lililopigwa pasi, viatu safi, tabasamu la mgeni aliyelelewa vizuri.

"Karibu," alisema, na neno lilitoka kavu kama chaki.

"Natafuta kava la tableti." Alipapasa lililokuwa limening'inia ukutani, akalibonyeza kwa kidole gumba. "Kazi safi. Una wateja wengi?"

"Wa kubahatisha tu, baba."

"Kuna dada mmoja mwembamba, hatembei bila laptopu yake. Nadhani huwa anakuja hapa."

"Wembamba ni wengi, baba. Mnene hapa ni mimi peke yangu."

Mwanamume alicheka taratibu, kwa adabu. Kisha akavuta kigoda cha Skrini, akaketi pale pale mlangoni, mguu juu ya mguu. "Nitapumzika kidogo. Jua kali."

Duka halikuwa na mlango mwingine. Mama Sponji alijishughulisha na kupanga vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Polisi walikuwa mbali, Skrini hajarudi, na mtafsiri angeweza kutokea wakati wowote, aje moja kwa moja mpaka kwenye magoti ya mtu huyu. Akapiga simu.

"Haloo? Ee, shikamoo mama mkwe," alisema kwa sauti ya kuchangamka.

"Mama?" Mtafsiri alishangaa upande wa pili. "Ni mimi. Umekosea namba. Nipo karibu kufika, natoka hapa kwenye kona ya..."

"Sikia mama mkwe, ule mzigo usiulete. Nakwambia usiulete! Mzigo wa kwanza umeshafika hapa dukani, nimekaa nao. Ule wa kijivu. Ule uliokuwa unapita tu ukakuletea matunda."

 Alisikia pumzi ya mtafsiri ikikatika, kisha simu ikakatwa. Mama Sponji aliendelea kuongea na simu iliyokwisha kukatika, akaaga, akamsalimia hadi baba mkwe, huku akijiuliza kama alieleweka au amemtia mwenzake wazimu bure.

Mwanamume alikuwa ameacha kutabasamu. Akatoa simu yake mfukoni, akaigusa mara moja kwa kidole.

Chini ya lundo la sponji kitu kikalia. Mlio mwembamba, kama wa kifaranga. Ukanyamaza, ukalia tena.

"Ni nini hicho?" aliuliza.

"Ni... saa. Saa ya mjukuu."

Alisimama, akarudishia mlango nyuma yake, na duka likawa na giza la mchana. Alikuja akipita kati ya marobota bila haraka yoyote. Mama Sponji aliwahi kulitoa kava yeye mwenyewe, akalikumbatia kifuani kwa mikono miwili, sijui kwa nini, pengine kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kushika. Kidude kililia tena juu ya moyo wake.

"Hilo kava nilinunua mimi," mwanamume alisema. Bado sauti ilikuwa ile ile ya chini. "Na aliyelileta ni mke wangu. Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Niambie tu anakuja saa ngapi."

Mama Sponji alifungua mdomo apige kelele. Hakikutoka kitu. Mwanamume alizunguka meza, akamshika kifundo cha mkono. Hakumbana sana, alimshika kama daktari anayepima mapigo ya moyo, na hilo lilimtisha zaidi kuliko kofi. Alirudi nyuma, akagonga kiti, mguu wake ukatua wote mzima kwenye pedali ya cherehani.

Mashine ilinguruma. Haikuwa na kitambaa chini ya sindano, ikapiga chuma kwa chuma, kelele ya kutoboa masikio, meza ikatetemeka na mkasi ukaanguka. Mwanamume alishtuka akamwachia. Na hapo, kama kizibo kilichong'oka, sauti ya Mama Sponji ikarudi.

"Jamani! Jamani nauawa! Jamaniii!"

Muuza viatu wa jirani ndiye aliyefika wa kwanza, akausukuma mlango kwa bega, kiatu kimoja cha kike mkononi. Nyuma yake wakaja wengine. Mwanamume alilinyoosha shati lake. "Hatujaelewana tu kidogo na mama," alisema, na kwa jinsi alivyolisema, wawili watatu walianza kumwamini. Muuza viatu alimtazama Mama Sponji aliyekuwa amekauka ukutani, hana rangi usoni, akapanua miguu mlangoni. Hakupitisha mtu.

Walikuwa bado hivyo mtafsiri alipofika. Hakukimbia mbali kama alivyoonywa. Alikuwa amempigia kaka yake, simu ya kwanza baada ya miezi mingi, na kaka, ambaye alikuwa fundi bomba na kazi yake siku hiyo ilikuwa mtaa wa pili, alikuja na ovaroli yake imelowa maji hadi magotini. Mtafsiri alikuwa ameushikilia mkono wa kaka yake.

"Twende nyumbani," mumewe alimwambia kwa upole juu ya vichwa vya watu. "Umechoka."

Mtafsiri alirudi nyuma hatua moja. Kaka yake akaingia katikati yao, akasimama.

Mama Sponji alikitoa kile kidude kwenye pembe ya kava, akakiweka kiganjani wote wakione. "Kilikuwa humu, mwanangu. Ndani ya bitana. Ulikuwa unambeba mwenyewe kila unakohamia."

Mtafsiri alikitazama kama mtu anayetazama nyoka kitandani mwake. Kisha, taratibu, akageuza uso akamtazama kaka yake.

"Kaka..."

"Baadaye," alisema kaka. "Kwanza kaa chini, utaanguka."

Skrini alirudi na askari wawili, mwanamke na mwanamume, akihema kama aliyekimbizwa. Yule askari wa kike alikitia kidude kwenye bahasha, akamwambia mwenye shati la kijivu afungue simu yake aone. Alikataa kwa adabu. Wakaondoka naye, na hata wakati wa kuingia kwenye gari alikuwa anageuka geuka, anatafuta uso wa mkewe kati ya watu, anatabasamu.

Tabasamu hilo Mama Sponji alikwenda nalo nyumbani. Kesi ilifunguliwa, mwanamume akapigwa marufuku kumkaribia mkewe wala duka lile, lakini karatasi ya mahakama haizuii ndoto. Kwa muda mrefu mtu yeyote akisema hodi kwa sauti ya chini, mikono ilimfa ganzi. Skrini alihamisha kigoda chake ndani, mlango wakaufungia ukutani kwa mnyororo ili usiweze kurudishiwa, na jioni muuza viatu alimsindikiza hadi kituoni, akijifanya naye ana safari ya huko huko.

Mtafsiri alikuja tena na kaka yake. Alikuwa amebeba laptopu imefungwa kwenye kitenge.

"Nishonee kava, mama," alisema. "Ila safari hii sitaliacha nije kulichukua kesho. Naomba nikae hapa nikuangalie."

Mama Sponji alimvutia kiti karibu na cherehani. Alikata kitambaa, akakata sponji. Kila kipande, kabla hakijaingia mahali pake, mtafsiri alikichukua, akakibonyeza pande zote, akakikunja, akakiinua kwenye mwanga, akakirudisha. Kaka yake aliegemea ukuta, mikono kifuani, akimtazama dada yake bila kumharakisha. Hakuna aliyetania. Hata Skrini alizima redio.

Ilipobaki pembe moja, Mama Sponji alisimamisha mashine akamsogezea. Mtafsiri alizamisha vidole vyake ndani kabisa, hadi mwisho wa mshono, akapapasa huku macho ameyafumba. Akavitoa vikiwa na chembe nyeupe za sponji.

"Sasa funga, mama," alisema.